Aliyeipa Televisheni Mgongo

Fundi wetu wa Malaba alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wake wote, mimi nikiwa mstari wa mbele: hakuangalia televisheni. Ukimwita nyumbani kwako kwa sababu deki ya kuchezea diski imegoma kutoa picha, atakuja, atasalimia kila mtu kwa heshima, atauliza mwenye nyumba ni nani, kisha atasimama kando ya kile kioo cheusi, amekipa mgongo, na kukukodolea macho wewe. Rimoti hataigusa. Utaishika wewe, utabonyeza wewe, na utamwambia kinachotokea.

"Sema kenye unaona," angekuambia. "Kenye unafikiria weka kando."

Ungedhani ni jambo rahisi. Jaribu. Watu wazima, wenye vyeo na matumbo yao, walishindwa kabisa. Angeuliza kioo kina rangi gani, mtu angejibu kwamba waya umekufa. Angeuliza kama kuna maandishi, mtu angejibu kwamba jirani alikuwa na shida kama hiyohiyo, ikawa ni sakiti. Fundi angengoja mtu huyo amalize maneno yake yote, kisha angeuliza tena, kwa sauti ileile, kioo kina rangi gani.

Alikuwa mwanamke, na nilipaswa kulisema hilo mapema, maana wengi walikosea papo hapo. Kibanda chake kilikuwa upande wetu wa mpaka na Uganda, karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Mgeni angeingia na deki chini ya kwapa, angemwona mama mnene mwenye miwani ya kamba, na kuuliza, "Mzee fundi yuko?"

"Mzee hayuko," angejibu bila kuinua uso. "Mimi nimebaki na bisibisi zake."

Mzee huyo hakuwahi kuwapo. Bisibisi alinunua mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mume alikuwa naye, mkulima huko Angurai, mtu mpole ambaye kubadilisha balbu kulimtoa jasho. Lakini wateja walitulia waliposikia kuna mzee mahali fulani, na yeye hakuona haja ya kuwanyima utulivu wao.

Sasa nieleze ufundi wake, kwa sababu sifa zake zote zinatoka hapo. Deki nyingi zilizoletwa kwake hazikuwa zimeharibika. Ndani ya deki mna mahali pa kuchagua picha itoke vipi: ukubwa gani, mfumo gani, kupitia waya upi. Ukichagua namna ambayo televisheni yako haiielewi, picha inapoteza rangi, au inapanda na kushuka, au kioo kinazima kabisa. Na kikizima, ili urudishe mambo yalivyokuwa, itakubidi usome menyu ambayo huioni kwa sababu kioo kimezima. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Mafundi wengine walibeba deki, wakakaa nayo wiki mbili, wakairudisha na bei. Fundi wetu aliingia nyumba hiyo iliyofungwa, gizani. Kibandani alikuwa na televisheni moja nzee yenye kisogo kikubwa, iliyokubali kila aina ya picha uliyoipelekea. Kila deki ngeni iliyovuka mpaka aliiazima kwa siku moja, akaiunganisha na televisheni hiyo nzee, akahesabu: mshale mara ngapi chini, mara ngapi kulia, ndipo ufike mahali pa kuchagua picha. Akaandika kwenye daftari la kawaida la shule. Deki hazikuwa na majina humo. Ziliandikwa "Nyeusi yenye jicho la kijani," "Kijivu ya Uganda, mlango mgumu," "Ile ya padri." Halafu hesabu: chini tatu, kulia moja, chini mbili, OK. Alipofika kwako hakuhitaji kuona kitu. Alihitaji vidole vyako na ukweli wako, na kati ya hivyo viwili, alisema, vidole ndivyo vilipatikana kwa urahisi.

Mafundi wenzake walikuja kunakili daftari lile, naye akawapa na kalamu. Nilimwambia siku moja kwamba anajikatia riziki. Akasema kinachomkera si kunakili, ni mwandiko wao, kwa sababu mtu akisoma tatu akadhani ni nane atamwulia bibi wa watu deki.

Kulikuwa na pasta mmoja mjini Busia aliyenunua televisheni kubwa ya kanisa, ikakataa picha Jumapili asubuhi. Fundi alipofika alimkuta ameiwekea mikono, na waumini wamesimama wakikemea. Alitoa kitambaa mfukoni, akajifunika kichwa, akainama. Maombi yalichukua muda. Yalipokwisha akasema amina kama wengine, kisha akamwomba pasta, kwa adabu zote, abonyeze kitufe cha kuchagua waya, mara moja, halafu mara nyingine. Picha ikaja na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mzee wa kanisa alimfuata nje na kumwuliza ni nini hasa kilichofanya kazi, maombi au kitufe.

"Mimi niliambia pasta abonyeze," alisema. "Hayo mengine uliza yeye."

Na kulikuwa na mfanyabiashara wa mitumba aliyebadilisha rimoti tatu kwa mwezi mmoja. Zote ziligoma. Sebuleni kwake kila kitu kilikuwa kimevalishwa vitambaa vya kushona kwa mkono, kama ilivyo kwetu sote: kochi, meza, redio, na deki pia, kitambaa cheupe chenye maua kilichoning'inia mbele. Fundi aliona dosari tangu mlangoni. Kitambaa kilifunika lile jicho dogo linalopokea rimoti. Aliuliza kitambaa kile kizuri kilishonwa na nani, mke akasema ni yeye, akamwomba akiinue waone ushonaji wa upande wa nyuma. Mume alikuwa bado anabonyeza kwa hasira, na deki ikaitika. Mke akaelewa, akakirudisha kitambaa kikiwa kimekunjwa mbele, na mpaka leo yule bwana anaamini rimoti ya tatu ndiyo iliyokuwa imara. Hadithi hii nimeipata kwa mke.

Huo ndio upole wake, ila haukuwa wa kila mtu. Wazee hakuwacheka kamwe. Sisi tuliosoma alituchana bila huruma. Mashine alizisubiri kama mama anayesubiri mtoto amalize uji, lakini simu ya mteja angeikata katikati ya sentensi. Alikuwa mkaidi pia, na siku nyingine ukaidi wake ulimkosesha akili: angeweza kupoteza siku nzima kwa ajili ya rangi ambayo mwenyewe hukuiona imekosea. Na la kuchekesha zaidi, kwake hakukuwa na televisheni. Alikuwa na redio, aliyoisikiliza akimenya njugu. Nilipomwuliza sababu, alisema anaona nyuso za kutosha kazini.

Kwetu Busibwabo alikuja mara ya kwanza nikiwa sekondari, baba aliponunua deki na picha ikatoka bila rangi. Baba alikuwa mtu mzuri aliyeamini kwamba rimoti ni mali ya mwanamume. Aliifunga kwa nailoni, akaikaza na mpira, akaiweka mfuko wa shati. Akienda shambani ilienda naye. Fundi alimwelekeza, baba akabonyeza, rangi zikaja. Kisha Fundi akasema, "Sasa patia mama naye ajaribu."

"Mama ana kazi zake," baba alijibu.

"Na siku wewe hauko, ataona aje?"

"Atangoja."

Fundi alifunga mfuko wake. Mama alimwekea chai na viazi vitamu, hakugusa. Alimuaga mama kwa mikono miwili na baba kwa kichwa tu, akaondoka. Baba alicheka hadi jioni kuhusu yule mwanamke wa Kiteso mwenye kiburi. Deki ilipoleta taabu miaka iliyofuata, ni huyohuyo baba aliyemwita, na kila mara Fundi aliuliza kama mama ameshajaribu, na kila mara jibu likawa lile.

Dada yangu alipoolewa, harusi ilirekodiwa kwenye diski. Ndani yake kuna dakika nne za baba akihutubia. Anasalimia mulembe, anakohoa, anapotea katikati ya hotuba, halafu ghafla anageuka kutafuta watu kwa macho. "Mama yao yuko wapi? Simama watu wakuone. Hii nyumba mnaona hapa, si mimi nilijenga. Ni huyu." Watu wanacheka na kupiga makofi. Mama anaonekana pembeni, ameinamisha uso, ameficha mdomo kwa leso. Anakataa kusimama. Baba anamsihi mara mbili, anatikisa kichwa, anaendelea na mengine. Katika maisha yao yote, hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimsifu mbele ya watu, naye alikataa kusimama.

Baba alipofariki, diski ile ndiyo iliyobaki na sauti yake. Ilikuwa imekwaruzika, na deki zote za mtaani ziliitema isipokuwa ile yetu nzee. Mama aliitazama pale tu mmoja wetu alipokuwa nyumbani kumwekea, kwa sababu rimoti hakuijua. Halafu televisheni ikafa, akakaa miezi bila chochote. Hakulalamika. Alisema tu kwamba sauti ya mzee imeanza kumpotea masikioni, na mimi nikaumia kama mtu aliyepigwa.

Kwa hiyo kwa ajili ya makumbusho ya baba ya kutimiza mwaka nilileta televisheni mpya kutoka Nairobi, bapa, pana kama mlango. Nilitaka mama amwone baba akiwa mkubwa. Asubuhi niliunganisha deki kwa waya mmoja wa kisasa, maana televisheni ile haikuwa na matundu ya zile nyaya tatu za rangi. Picha ikaja, ndogo kidogo, yenye ukungu. Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi ninafanya kazi na kompyuta, na nilikuwa na wajomba wa kuwaonyesha. Niliingia kwenye menyu, nikawasha sehemu ya wataalamu, nikachagua picha kubwa kuliko zote. Kioo kikazima.

Nilibonyeza kila kitu. Jasho lilinitoka huku nje wakipanga viti. Mwishowe nikampigia Fundi.

"Umegusa nini?" aliuliza.

"Sijagusa kitu."

Akanihesabia kutoka kwenye daftari. Chini tatu, kulia moja, chini mbili, OK. Giza. Tukarudia. Giza.

"Hakuna kenye umegusa, boss?"

"Hakuna, mama."

"Nakuja," alisema. "Mtu mwenye hajagusa kitu ndiye husumbua kuliko wote."

Alifika misa imekwisha na watu wamekula. Televisheni ilikuwa imetolewa chini ya hema, nyeusi tii, na mbele yake kochi la mama, na nyuma ya mama ukoo mzima, katekista, majirani, wote wakingoja. Mama alikuwa amevaa gauni jipya. Fundi alisalimia, akasimama kando ya kioo, akakipa mgongo.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Mimi ni kifungua mimba. Nikasogea na rimoti. Alinipita kwa macho.

"Mama, shika wewe."

"Mimi sijui hizi vitu," mama alisema. "Naogopa kuharibu."

"Hii imeshaharibiwa na wenye wanajua. Shika tu."

Mama aliishika kwa mikono miwili, ikiwa bado kwenye nailoni ya baba. Fundi alianza kuhesabu polepole, na mama akabonyeza. Chini. Chini. Chini. Kulia. Nusu ya ukoo walikuwa wakihesabu naye kwa sauti.

"Na nikikosea?" mama aliuliza.

"Tunaanza tena, Mama. Hakuna mtu anakufa."

Tukatazamana, maana tulikuwa kwenye makumbusho ya marehemu. Kisha mama mwenyewe akacheka, na hema zima likacheka naye. Walifika mwisho wa hesabu. Giza. Mama akashusha mikono, na nikaona mabega yake yameporomoka.

Fundi alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Boss. Hapa mbele ya mama. Umegusa nini?"

Nilisema. Nilisema yote, sehemu ya wataalamu na picha kubwa kuliko zote, mbele ya wajomba niliotaka kuwaonyesha. Katekista alikohoa. Fundi aliinua kichwa kidogo, midomo ikicheza. Alikuwa anaipitia menyu kichwani, akiongeza mistari miwili iliyoletwa na ile sehemu ya wataalamu. Kisha akasema kwamba sasa ni tano badala ya tatu. Alinituma nichomoe plagi, nihesabu hadi ishirini, nichomeke. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoniamini nayo.

Chini tano. Kulia moja. Chini mbili. OK.

Menyu ya buluu ikajaa kwenye kioo, na watu wakashangilia. Mama aliweka diski mwenyewe, kwa maelekezo, na baba akaja, mkubwa kama mlango, akikohoa. Nilitazama ile televisheni hadi macho yakanivimba. Alipofika pale pa "simama watu wakuone," hema lilicheka na kulia kwa pamoja. Nilipogeuka baadaye kumtazama mama, alikuwa ameketi kimya, rimoti mapajani. Sikuwahi kumwuliza aliona nini, naye hakuwahi kusema.

Lakini hesabu zile alizishika. Fundi alimwandikia kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, na kuanzia hapo kila Jumapili baada ya kanisa mama aliweka diski mwenyewe. Baadaye niliihamisha kwenye simu yangu. Yeye aliendelea na deki.

Mama alituacha mwaka jana. Fundi hakuweza kuja kumzika. Magoti yamemkataa, kibanda amekifunga, na siku hizi yuko Angurai kwa mume wake. Mwezi uliopita nilimfuata huko. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio miguuni, anamenya njugu.

"Yoga," nilimsalimia kwa Kiteso changu kibovu. Akaitika, akanisahihisha matamshi, akaniuliza kama bado sijagusa kitu.

Tulizungumza. Nilimshukuru kwa siku ile, na kwa zile Jumapili zote. Kisha nikatoa simu, nikaitafuta hotuba ya baba, nikamnyooshea atazame, kwa sababu nilikumbuka kwamba chini ya hema lile yeye peke yake hakuiona.

Aliusukuma mkono wangu taratibu. "Hiyo nilisikia. Sikuja kuangalia baba yako. Mimi niliangalia mama."

Nilikaa wima. Siku ile watu wote tulikuwa tumekodolea macho televisheni, na mpiga picha wa makumbusho alikuwa ameielekeza kamera huko huko. Hakuna picha ya mama akiitazama hotuba ile. Nilikuwa nimeitafuta tangu tumzike.

"Uliona nini?" niliuliza.

Alikung'uta maganda ya njugu kwenye gauni, akavua miwani.

"Picha ilipokuja, mama yako alifunga mdomo. Rimoti akaweka hapa kwa mapaja, akaifunika na mikono yote mbili. Baba yako akakohoa, naye akakohoa. Halafu mzee akasema, simama watu wakuone. Nyinyi mkacheka. Mama yako akaweka rimoti kando. Akanyoosha gauni, hivi. Akashika mkono wa kochi, akasimama. Akasimama wima kabisa, akiangalia mbele. Watu walikuwa nyuma yake na hakuna mwenye alimwona, kwa sababu wakati huo nyote mlikuwa mmeinama mkifuta macho na leso. Mzee alipoanza maneno mengine, akakaa. Akachukua rimoti, akaiweka kwa mapaja."

Nililia. Sikuona aibu, nililia kama mtoto barazani kwa watu.

"Alikuwa anafikiria nini?" nilimwuliza nilipoweza.

"Hiyo sijui," alisema. "Hiyo haikuwa kwa uso. Nimekuambia kenye niliona."

Nikaizima simu, nikaiweka chini. Nikamwomba arudie. Akaanza tena kutoka mwanzo, kwa mpangilio uleule, mdomo ukafungwa, rimoti ikawekwa, gauni likanyooshwa, nami safari hii nikimtazama yeye usoni.